Kelele Katika Video za Mama Mkwe

Wifi yangu alikuwa mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha sare kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kutafuta kosa la mwenzake, na alipostaafu, kiwanda alikiacha lakini kazi hakuiacha. Kwake yeye, chumvi ikiisha kuna mtu anaibeba. Mimi ni mke wa mdogo wake. Miaka tisa tuliyoishi nyumba moja nilishukiwa kwa mambo ambayo hata akili ya kuyafanya sikuwa nayo.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Wifi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Kwa hiyo alitaka kaka yao mkubwa, anayefanya kazi mbali, asikie kwa kinywa cha mama mwenyewe nani atarithi. Kwenye simu mama hasikii kitu. Mume wangu akamletea dada yake kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuingia mfuko wa shati, inayochukua na video.

Siku ya kwanza mama alisema vizuri, na wifi akasikia kwa masikio yake: nyumba ni ya binti anayenitunza. Watu wa duka la picha wakamtumia video kwa mtandao. Kaka mkubwa akapiga simu.

"Naona midomo tu. Mama akifika kwenye nyumba, kuna kitu kinakoroma. Simsikii."

Kwanza lilishukiwa friji; likazimwa, nyama ikaoza. Ikafuata feni, mama akaloa jasho. Kisha mimi, eti nawasha blenda makusudi. Video ya pili, ya tatu, ya nne: mkoromo uleule, kwenye neno lilelile.

"Mumeo ndiye aliyeleta kamera hii," wifi aliniambia. "Mama akimtaja marehemu baba, kimya. Akitaja nyumba, kelele. Kamera gani inajua kuchagua maneno?"

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Lakini shaka huambukiza kama mafua, nami nikaanza kumtazama mume wangu kwa jicho la pembeni.

Nikamwambia wifi twende wote kwa fundi wa duka la picha, aibu impate anayestahili. Fundi alitazama video zote nne. Kisha akazima sauti kabisa, akazirudia.

"Mama zangu, tazameni uso. Hapa mdogo. Hapa unaanza kukua. Nani anabonyeza kitufe cha kuvuta picha karibu?"

"Mimi," wifi akasema. "Nikiona anataka kuitaja nyumba, navuta, kaka aone midomo. Asije kusema tumemlisha maneno."

"Basi ndiyo hiyo. Lenzi ikitoka inasukumwa na mota, na maikrofoni iko vidole viwili tu hapo pembeni. Inaisikia mota kuliko bibi. Iweke kamera juu ya stuli karibu naye, kisha usiiguse."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Wifi alimwuliza fundi kama anafahamiana na mume wangu.

Asubuhi iliyofuata kamera ilikaa kwenye stuli. Mume wangu aliamriwa awepo, mikono ionekane. Wifi akauliza swali lake.

Mama mkwe akamgeukia. "Mara ya ngapi hii? Nilikujibu, ukarudi. Nikakujibu, ukarudi. Eti kelele. Mimi sikusikia kelele yoyote. Mtu akiuliza jambo moja mara tano, ana lake moyoni. Kumbe unanitunza kwa ajili ya hizi kuta. Nyumba ni ya wanangu wote watatu, sawa kwa sawa. Zima kitu chako hicho."

Wifi aliinama akazima. Nilimwonea huruma na, Mungu anisamehe, nilifurahi pia.

"Dada, ifute," mume wangu akamwambia. "Kaka tutamweleza wenyewe. Sote tunajua alichosema mwanzo."

Wifi alimkagua usoni kutafuta mtego ulipo. "Mkaguzi hafichi nguo yenye kosa," akajibu, akaipeleka video mwenyewe duka la picha.

Simu ililia mchana, wifi akiwa anamkata mama kucha. Alinipa ishara niishike nimwekee sikioni.

"Hongera," kaka mkubwa alisema, nami nikasikia. "Hii ni safi. Nimesikia kila neno."

"Haya," wifi akasema, akauchukua mkono wa pili wa mama.