Jina Nililoliandika Kwenye Daftari la Wenye Maumivu

Habari hii nimewahi kuwasimulia watu wawili tu, mume wangu na dada yangu, na wote walicheka mpaka nikajuta, kwa hiyo ninyi nawaomba mcheke taratibu, maana hadi leo nikikumbuka sura ya Mama Chisewo siku ile natamani ardhi ipasuke niingie.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi serikalini. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja hapa Dodoma, kazi yangu kupokea barua, kufungua majalada na kuyabeba kwenda na kurudi kwa wakubwa, na mgongo wangu ulikuwa unauma. Si wa juzi wala jana, ulikuwa mwaka wa tatu, tangu nilipoteleza nikishuka kwenye lori tulipokwenda kuzika kule Busi. Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa haina neno, wakanipa vidonge, vidonge vikaisha, maumivu yakabaki palepale. Ofisini sikumwambia mtu. Kila asubuhi kulikuwa na uvumi mpya kuhusu orodha ya watakaopunguzwa, leo wataanza na wasio na vyeti, kesho wataanza na wagonjwa, na mimi nikisikia wagonjwa nanyoosha mgongo hata kama machozi yananilenga.

Siku moja muuguzi wa dirisha la dawa aliniona nimejishika kiuno, akaniambia kuna darasa la watu wenye maumivu ya muda mrefu, kila Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko.

"Si la kukuponya," alisema. "Wanakufundisha namna ya kuishi nayo."

Nikaomba ruhusa kwa Mama Chisewo, mkuu wetu wa masjala, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Nikamwambia nakwenda posta kufuatilia kifurushi (kifurushi gani, Mungu anajua). Akaniandikia kikaratasi cha ruhusa, akasaini.

Mlangoni pa ukumbi kulikuwa na daftari: jina, mahali pa kazi, sanduku la posta. Niliwaza, je, daftari hili likifika kwa afisa utumishi? (Lifike kwa njia gani? Sijui, mtu mwenye hofu haulizwi.) Nyuma yangu watu wanasubiri, mkononi nina kile kikaratasi, macho yakatua kwenye saini, nikaandika: Anastazia Chisewo. Mahali pa kazi na sanduku la posta nikaweka vya kweli, kwa sababu sikuwa na sanduku jingine ninalolijua kichwani. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Darasa lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea. Mwalimu alikuwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Neema. Alituambia kwamba maumivu yanaweza kuendelea hata pale jeraha lilipokwisha kupona, kwamba mtu asisubiri kuchoka ndipo apumzike, na kwamba ni vizuri mtu wa nyumbani na wa kazini wajue. Mzee mmoja wa Ihumwa, aliyefanya kazi reli, alieleza jinsi anavyoamka usingizini kila akigeuka, na mimi kusikia mtu mwingine akisema kitu nilichodhani ni changu peke yangu, nikafunguka kama mlevi. Nikasema siwezi kukaa kitini zaidi ya nusu saa, nikasema namficha mkubwa wangu wa kazi kwa sababu ni mkali na hana huruma. Dada Neema akawa anaandika.

Wiki iliyofuata barua kutoka kwa dada Neema ikaja ofisini, juu yake jina la Mama Chisewo. Kwa kawaida barua zinapita mikononi mwangu, lakini Jumatatu hiyo nilikuwa nimelala nyumbani, siwezi hata kufunga kamba za viatu (ofisini nilituma ujumbe kwamba ni tumbo). Mwenzangu akaifungua akidhani ni ya kiofisi, akaisoma, akashtuka, akaipeleka moja kwa moja kwa Bwana Kisanga, afisa utumishi na mkubwa wa Mama Chisewo, bila mama mwenyewe kuiona.

Jumanne nimerudi, nakuta masjala nzima inanong'ona kwamba Mama Chisewo anaumwa sana na anaficha. Watu wanamnyang'anya majalada mkononi. Mmoja amemletea mto wa kukalia. Mama wa watu anauliza, "Leo mna nini ninyi?" na wao wanamwambia akae apumzike. Nilipoelewa kilichotokea, tumbo nililosingizia likaanza kuuma kweli. Ningeweza kusema siku ile. Badala yake nilimsogezea kiti.

Jumatano Bwana Kisanga akatukusanya wote. Akaongea kirefu kuhusu uaminifu kazini, nami nimekaa, nusu saa imepita, mgongo unawaka moto. Kisha akatoa barua. Kwa nia njema kabisa, akasoma: "Bi Anastazia, kwa kuwa ulitueleza kwamba unamficha mkubwa wako wa kazi kwa sababu ni mkali na hana huruma, tunakushauri uzungumze naye." Akaishusha, akamtazama Mama Chisewo kwa huzuni.

"Mama, mimi sina huruma?"

"Sijaenda popote," alisema Mama Chisewo, na sauti yake ilitetemeka, sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Mimi siumwi. Nani anataka niondolewe kazini?"

Nikasimama. Yaani nilitaka kusimama, mgongo ukakaza katikati ya safari, nikabaki nimeinama nimeshika meza, uso unatazama sakafu.

"Ni mimi," nikaiambia sakafu.

"Wewe nini?" akauliza Bwana Kisanga.

"Mgonjwa ni mimi. Niliandika jina la mama."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi siwezi kunyooka wala kukaa, mpaka Mama Chisewo mwenyewe akaja kunishika kwapani akanikalisha.

"Ruhusa ningekupa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ila na huyo mkali asiye na huruma nimeshamjua ni nani."

Nilipewa barua ya onyo, na kwa miezi miwili nikimwamkia shikamoo anaitikia huku anatazama majalada. Orodha ilipotoka, jina langu halikuwemo, wala lake. Lakini kila Alhamisi alikuwa ananiruhusu bila kuombwa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko onyo. Darasani nilisimama mbele ya wenzangu nikataja jina langu halisi, aibu ya pili katika wiki moja. Mgongo haujapona. Ila kuficha nimeacha: kikao kikirefuka nasimama, hata kama anayeongea ni mkubwa wa wakubwa, na akiniuliza kulikoni, namwambia.