Aliyekaa Mdomoni mwa Tanuru

Katika kitongoji kilicho nyuma ya Gulwe, Yudith, mama yake Sila, alijulikana kwa woga. Radi ikilia, aliwasukumia wanawe uvunguni. Hakuwahi kugombana na mtu hata kisimani. Ndiyo maana asubuhi ile, ilipovuma habari kwamba amejipenyeza ndani ya mdomo wa tanuru la kanisa, tundu la kutilia kuni, wengi walidhani amepandwa na pepo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bati na saruji vilikuwa vimerudi madukani, na waumini nao wakataka kanisa la tofali za kuchoma. Wazee waliagiza kila nyumba ilete kuni, na mlima wa migunga ukanyolewa upara kwa tanuru moja tu. Kifuku, msimu wa mvua, kilipofika, maji yakashuka na tope, yakaangusha nyumba ya Dorkasi, jirani wa Yudith, na kumfukia mtoto wake. Yudith ndiye aliyemfukua, kwa kucha. Alimkuta kinywa kimejaa udongo.

Sasa tanuru la pili lilikuwa tayari. Tanuru likishawashwa halizimwi. Linalishwa kutwa kucha mpaka tofali ziive. Kuni za kuwashia zilikwisha kulundikwa, lakini za kulilisha zilikuwa bado zimesimama mlimani: kipande cha mwisho cha migunga, juu ya paa la Yudith.

"Mama Sila, toka humo," alisema Methusela, mzee wa kanisa, shoka mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka."

"Sitoki."

"Mwacheni, anawahi kuota moto!" mmoja alidakia, watu wakacheka.

"Unaizuia nyumba ya Mungu?" Methusela aliuliza.

"Miti ile ni yake, mzee. Tumwibie, halafu tumletee zawadi?"

Kicheko kikakatika. Methusela alimkamata kwa nywele akavuta. Yudith aling'ang'ania tofali. Mpini wa shoka ukamshukia mkononi, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Ukamshukia tena, begani, kisha kichwani. Damu ikamziba macho, lakini mkono mmoja haukuachia.

Dorkasi alitokea nyuma ya watu. Aliokota gogo kwenye lundo la kuni akampiga Methusela mdomoni. Mzee akaanguka, akatema meno. Mwanawe akamrukia Dorkasi na kumkaba. Wanawake wakamrukia kijana huyo. Waumini walioshiriki meza moja ya Bwana Jumapili iliyopita wakapigana kwa kuni za kanisa, wakang'atana, wakararuana nguo.

Katikati ya vurugu hiyo Dorkasi alijinasua, akatambaa hadi mdomo wa pili wa tanuru, akaingia. Mwanamke mwingine akaingia wa tatu, na wengine wakafuata hadi midomo yote ikajaa.

"Washeni!" Methusela alipayuka, kidevu chekundu. Akatoa kiberiti, akamnyooshea huyu na yule. "Washeni, nimesema!"

Kila mwanamume alitazama mle ndani akamwona mkewe, au dada yake. Hakuna aliyekipokea.

Kanisa lilimaliziwa kwa tofali mbichi. Mkono wa Yudith uliunga vibaya. Hawezi kujifunga kanga bila kusaidiwa. Migunga ipo, na machipukizi yameanza kujaza upara. Akina mama hulinda kwa zamu, na anayekutwa na shoka huko juu hupigwa. Mwaka jana walimvunja mtu mguu. Yudith alikwenda kumwuguza, akamkanda mguu kwa mkono wake mzima, na alipoulizwa kama zamu zikomeshwe, alijibu hapana.