Breki ya Mkono wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya waya na mkebe wa mafuta ya taa, nikaambiwa nisiguse spana mpaka niambiwe. Hapo palikuwa Majengo, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko la Gikomba. Aliyenipa brashi tulimwita Fundi Mkuu, ingawa mafundi tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na nilidhani kutengeneza baiskeli ni kazi ya kushikilia tu hadi nipate ya ofisini. Nimeishikilia zaidi ya miaka ishirini.

Sasa nina miaka arobaini na saba na spana nimeziweka chini. Bado watu hunisimamisha njiani kuniuliza: fundi, naanza kuendesha, ninunue resa gani ya kunipeleka kazini na ya kwenda mbali wikendi? Resa ndiyo ile baiskeli nyembamba yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Nitawajibu kwa njia niliyofundishwa, pamoja na kosa langu ambalo hata leo likinijia kichwani naacha ninachokifanya.

Fundi Mkuu hakuwa anamwonyesha mtu baiskeli kabla ya kumwuliza, "Unaenda wapi nayo?" Wateja wengine waliudhika.

"Mzee, nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa," mmoja alimwambia.

"Basi kanunue viatu," alijibu, akaendelea kunywa kahawa yake. "Viatu havina haja ya kujua unakoenda."

Maana wakati huo, na hata sasa, mtu wa mitaa yetu huchagua resa kwa kuiinua. Anaipandisha kwa vidole viwili, anasema ni nyepesi kama kuku, anaichukua. Baada ya wiki mbili mgongo unamuuma. Uzito si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni fremu, yaani ule mwili wa vyuma. Isimamie ukiwa umeitia katikati ya miguu, nyayo zako zote ziguse chini, na kati ya chuma cha juu na mapaja yako pabaki nafasi ya ngumi. Kisha kaa, shika usukani. Ukilazimika kujinyoosha kama mtu anayefuata kitu kilichoanguka nyuma ya kabati, hiyo si yako.

Halafu piga magoti. Pitisha ukucha polepole chini ya fremu, pale karibu na gurudumu la mbele. Rangi ikiwa imekunjamana, baiskeli hiyo iligonga kitu kabla haijaletwa kwetu, na rangi mpya juu yake ni vipodozi tu. Mwisho, tazama upana wa tairi. Ukipita mashimo ya Juja Road kila asubuhi, tairi nyembamba kama kidole itakufundisha kuziba pancha kabla hujajifunza kuendesha. Chukua fremu yenye nafasi ya tairi pana kidogo, na yenye vishimo vya kufungia kibebeo nyuma, kwa sababu chakula cha mchana lazima kikae mahali.

Kwa Fundi Mkuu sikukaa milele. Miguu yangu huwasha ikizoea mahali. Nilihamia Huruma kwa bwana mmoja tuliyemwita Mkuu wa Spoki, aliyekuwa akinyoosha gurudumu kwa kusikiliza. Alipiga zile nyaya nyembamba moja moja kwa ukucha, na iliyolegea aliijua kwa sauti. Baadaye nilifika Ziwani, kwenye duka la resa za mitumba la mama mmoja mfanyabiashara. Jina lake kwetu lilikuwa Mama Mwenye Duka, na jina langu kwake lilikuwa "wewe kijana," hata nilipoanza kuota mvi.

Hapo Ziwani ndipo breki zilipokuwa kazi yangu kubwa. Kwetu magari hupita kushoto. Ukitaka kukata kulia, mkono wa kulia ndio unaotoka kuonyesha ishara, na wa kushoto unabaki kushika breki. Kwa hiyo baiskeli tulizokulia zilikuwa na breki ya mbele kulia na ya nyuma kushoto. Lakini resa nyingi za mitumba zinatoka nchi ambazo magari hupita kulia, na breki zake zimegeuzwa. Mtu wetu akiteremka mlima, akaubana mkono wa kushoto kwa nguvu akidhani anashika gurudumu la nyuma, linalosimama ni la mbele. Baiskeli inabaki, yeye anaendelea.

Ndiyo maana kila resa iliyotoka kwangu nililazimika kuibadilishia waya. Na Fundi Mkuu alikuwa amenipa desturi juu ya hiyo: mteja hapandi kabla ya kuisukuma hatua chache, akibana breki moja moja na kutaja kwa sauti gurudumu lililosimama. "Mbele. Nyuma." Watu waliona aibu, wakafanya.

Ijumaa moja alikuja Nafula, dada mkazi wa Huruma aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alikuwa akienda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Tulipata fremu iliyomkaa vizuri, ya buluu. Nilimbadilishia shingo ya usukani nikamwekea fupi, nikashusha kiti, nikafunga kibebeo. Kesho yake alikuwa aende na akina dada wenzake mpaka Tala, safari yake ya kwanza ndefu.

Huku nafanya kazi nikawa namsimulia kuhusu Majengo na Fundi Mkuu. Nikifungua mdomo kuhusu siku hizo sifungi. Nilimweleza habari yote ya breki, mpaka na sauti ya mzee nikaiigiza: "Mbele! Nyuma!" Alicheka hadi akajifuta macho. Tukaagana.

Asubuhi nilifungua duka saa mbili kasorobo. Juu ya meza yangu palikuwa na waya mbili mpya za breki, bado ziko kwenye karatasi, na karatasi nimeiandika kwa mkono wangu: Nafula. Nilikuwa nimeisimulia kazi vizuri kiasi kwamba nilidhani nimeifanya.

Nilipiga simu. Iliita tu. Kabla ya Tala barabara ya Kangundo ina mteremko mrefu, na yeye mikono yake ilijua baiskeli za kwetu, zenye breki ya nyuma kushoto.

Nilivuta resa ya kwanza iliyokuwa na upepo, waya nikazitundika shingoni.

"Wewe kijana! Hiyo imelipiwa na mtu!" Mama Mwenye Duka alipiga kelele.

"Nitairudisha, Mama!"

Nilipita kwanza Huruma. Mbele ya ploti yao ya nyumba za kupanga jirani alikuwa akianika nguo.

"Nafula yuko?"

"Wa baiskeli? Ametoka kitambo. Alfajiri nusura aanguke hapa getini, mbona tulicheka—"

Sikungoja amalize. Nilipita Umoja, Kayole, Njiru. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitengeneza baiskeli za watu waendao mbali, mimi mwenyewe nisivuke barabara ya Outer Ring. Mapaja yaliwaka. Ruai nilisimama kuuliza mwuza matunda kama amewaona akina dada wa baiskeli. Akaonyesha mbele kwa kisu. Nikaendelea, nikitazama mitaro ya pande zote mbili, nikiogopa kuona rangi ya buluu.

Niliiona nilipofika Kamulu. Imeegemezwa ukuta wa kibanda cha chai, nzima, na Nafula amekaa kando yake na chapati mkononi. Kiwiko kilikuwa na mkwaruzo mdogo.

"Fundi! Niaje? Kwani unakimbizwa na nani?"

Nilionyesha waya shingoni.

"Aaah, breki," alisema, akaimega chapati yake taratibu. "Si nilijua leo alfajiri. Nimetoa baiskeli getini, nikasema nifanye vile vya mzee wako. Nikasukuma, nikabana kushoto, nikaita 'Nyuma!' Wacha nyuma iniinukie mpaka nikabusu geti! Majirani wamecheka, wee!"

"Na bado ukaipanda?"

"Nilizunguka ploti mara ishirini mpaka mkono ukashika. Ona." Kwenye breki ya kushoto alikuwa amefunga kitambaa chekundu. "Hiyo ndiyo yenye hasira. Nikiiona naishika kwa adabu."

Wenzake walikuwa wakinitazama vile nilivyolowa jasho. "Mpeni fundi chai kabla hajatufia," mmoja akasema, "na mumwongezee sukari."

Nilikaa chini. Chai ile niliinywa yote, na sijawahi kunywa nyingine tamu namna ile. Nilipotaka kufungua spana nibadilishe waya, Nafula alikataa. Mkono umezoea, alisema, nikibadilisha waya leo ndipo utakosea. Alikuwa sahihi. Basi nilimpigia Mama Mwenye Duka, nikatukanwa vya kutosha, nikaenda nao Tala. Kwenye mteremko nilikaa nyuma yake. Alishuka mikono yote miwili juu ya breki, ya kushoto kwa adabu.

Sikudumu dukani baada ya hapo. Si kwa kufukuzwa. Miguu ilikuwa imeanza kuwasha tena, na safari hii nilikuwa na baiskeli ya kuipa. Siku hizi naenda Thika, naenda Machakos, nalala kwa jamaa, narudi. Ukiniuliza ununue ipi, nitakuuliza kwanza unaenda wapi nayo, kisha nitakusukumisha hatua chache mbele ya watu, upige kelele.

Asubuhi nikiwa nyumbani husimama nje na kikombe changu. Saa kumi na mbili na nusu resa ya buluu hupita kuelekea kiwandani, kitambaa chekundu kimechakaa sasa mpaka kimekuwa waridi. Nafula hapunguzi mwendo. Huita tu, bila kugeuka, "Mbele!"

"Nyuma!" namjibu, kisha narudi ndani kumalizia chai.