Siri ya Waosha Maiti

Watu wa mtaa wetu huku Msalato wanasema nimemfunga shangazi yangu. Wakome! Aliyemfunga ni mdomo wake mwenyewe, na wote waliomfundisha kuufumba.

Shangazi ndiye anayeitwa akifa mwanamke. Anaosha maiti tangu mimi sijazaliwa, na sharti la kazi hiyo kila mtu analijua: ulichokiona kwenye mwili wa marehemu hukitoi nje. Ni sharti zuri. Nani anataka vidonda vyake vizungumzwe kwenye foleni ya maji? Lakini liliwekwa ili kumsitiri marehemu, jamani, si kumsitiri aliyemuua.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wawili wadogo, alikutwa amekufa asubuhi. Mumewe akasema ameteleza bafuni. Na haraka aliyokuwa nayo, loo! Adhuhuri haijaadhiniwa, kaburi limeshachimbwa. Mama mzazi wa marehemu alikuwa njiani anatoka Kondoa, anapiga simu huku analia, "Nisubirini, nakuja." Mume akasema maiti haicheleweshwi. Wanaume wakaitikia, wakabeba jeneza.

Jioni nilimkuta shangazi amekaa uani, ugali mbele yake hajaugusa. Nikamuuliza kama anaumwa. Nilipomng'ang'ania akasema, "Shingo yake, mwanangu. Alama za vidole zilikuwa zinaonekana zote."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mwosha hasemi."

Nilipandwa na hasira. "Shangazi, nakuheshimu, lakini hii si siri ya maiti. Hii ni siri ya muuaji!" Akanikemea nisimfundishe dini. Kesho yake nikambembeleza twende wote polisi, akajifungia chumbani. Nikaenda mwenyewe.

Mwili ulifukuliwa kwa amri ya mahakama, daktari akathibitisha kwamba amenyongwa, mume akakamatwa. Kisha askari wakaja kumchukua shangazi. Hilo sikulitarajia. Nikamfuata kituoni nikifoka, mtu mzima yule mnampeleka wapi? Mpelelezi aliniacha nimalize, halafu akasema, "Dada, kujua mtu ameuawa na kuficha ni kosa. Angetuambia, hata tulipomhoji, angekuwa shahidi tu. Lakini alikana, akasema hakuona kitu." Nilimkasirikia mpelelezi, nikamkasirikia shangazi zaidi.

Basi mtaa mzima ukanigeukia mimi. Si yule mume, mimi! Wanawake wengine wawili waliomwosha marehemu pamoja na shangazi nao waliitwa, wakasema waliyoyaona, wakaachiwa, na wao ndio walionisema kuliko wote. Mmoja alinipasha dukani mbele za watu: "Utakufa wewe, tuone nani atakuosha."

Nikamjibu, "Atakayeniosha akikuta nimenyongwa, apige kelele!" Nikachukua sukari yangu nikaondoka.

Mahakamani shangazi alikiri. Muda wote niliogopa ataozea gerezani na umri ule, maana kosa lenyewe lilikuwa la kufungwa kweli. Hakimu akamwonea huruma, akampa kifungo cha nje. Wanawake wa mtaa wakapiga vigelegele pale nje ya ukumbi. Vigelegele! Mtu kafukiwa na alama za vidole shingoni, wao wanashangilia. Nilitamani kuwaziba midomo mmoja mmoja.

Yule mama wa Kondoa alikuwa amekaa kwenye benchi, kajitanda khanga. Shangazi akamwendea, akapiga magoti, akamwomba msamaha. Mama wa watu hakumtukana. Akasema, "Ungesema siku ile, mazishi yangesimama. Ningefika nikamkuta mwanangu na uso wake. Mimi niliitwa kumtambua alipofukuliwa."

Vigelegele vikakatika. Shangazi akabaki amepiga magoti kwenye sakafu, akinitafuta kwa macho, na mimi sikwenda kumwinua.