Mstari Uliokosekana Kwenye Mwongozo

Kitu pekee nilichowahi kuandika kikasomwa na watu wengi ni mwongozo wa kuwafundisha wanaoanza jinsi ya kujenga tovuti za hesabu za kisayansi. Ndani yake, kwenye hatua ya nne, kuna mstari mmoja mfupi ambao mpaka leo siwezi kuusoma bila kuona haya.

Ilikuwa miaka ile kambi za upande wa Kasulu zilipojaa tena watu waliovuka mpaka kutoka Burundi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Katubuka, mjini, baada ya kuzunguka sana. Shule niliiacha kidato cha pili. Nilipakua magunia bandarini, nikavuka na maboti hadi upande wa Kongo na kurudi, nikauza vocha, nikatengeneza simu. Siku moja niliingia kwenye duka la intaneti Ujiji kumchapishia mtu barua, nikamkuta jamaa anaandika maagizo kwenye dirisha jeusi na kompyuta inamtii. Kwa miaka miwili iliyofuata ungenitafuta, ungenikuta pale.

Watafiti wa ziwa walinijua kwa sababu niliwahi kuwafufulia mashine iliyogoma. Walikuwa na mradi mdogo. Walitaka mtu, popote alipo, aweze kufungua ukurasa, achague kina cha maji na mwelekeo wa upepo, abonyeze, kisha kompyuta kubwa iliyo mbali ifanye hesabu ya jinsi maji ya Tanganyika yanavyozunguka na kumrudishia mchoro. Tena walitaka watu wa hapa wajue kujenga tovuti za namna hiyo wenyewe. Ndipo wakahitaji mwongozo.

Mkuu wao alikuwa mama mmoja ambaye sote tulimwita Daktari.

"Nimekuchagua wewe kwa sababu hujasoma," aliniambia. "Hawa wangu wamesoma mpaka wamesahau kutojua kukoje. Wewe bado unakumbuka."

Nilicheka kama mtu aliyesifiwa. Moyoni niliumia. Nilikuwa na miaka mingi ya kujitahidi watu wasahau jambo hilo, na yeye alilisema huku anakoroga chai.

Nikabandika karatasi ya manila ukutani na kuanza kupanga. Kwanza ukurasa wenyewe. Kisha fomu ya kuchagua kina na upepo. Kisha namna ya kupokea alichochagua mtu. Hatua ya nne, kuita furushi la hesabu, yaani zile programu ambazo wataalamu wameshaziandika ili wewe usianze moja. Hatua ya tano, kuituma kazi kwenye kompyuta kubwa na kuisubiri. Mpango ulikuwa mzuri. Nilipoanza kuandika ndipo nilipoharibu. Kila nilipoandika jambo jepesi nililifuta, nikiogopa wasomi wataona mwandishi ni mtu wa magunia. Palipotosha neno moja niliweka matatu mazito.

Daktari alikuwa na sharti moja tu: mwongozo usitoke kabla haujajaribiwa na mtu asiyejua kabisa. Mtu huyo akapatikana kambini. Alikuwa dada wa makamo yangu, aliyesoma hesabu mwaka mmoja chuoni Bujumbura kabla ya kukimbia, na ambaye hakuwahi kuandika programu hata moja. Alipewa kibali cha siku kumi cha kutoka. Tulikubaliana hivi: akiweza kuufuata mwongozo mpaka mwisho, mradi utampa kompyuta arudi nayo, afungue darasa kambini, awe ndiye mwalimu wake.

"Kaka, miaka mitatu sijafanya hesabu yoyote," aliniambia siku aliyofika, "isipokuwa kuhesabu nina watu wangapi mbele yangu kwenye foleni ya maji."

Tulizungumza Kiswahili, tukikwama mimi natia Kiha cha kwetu, yeye Kirundi ambacho ni ndugu yake, na tunaelewana. Siku ya kwanza alipita hatua tatu bila kuniuliza kitu. Tangu hapo akaacha kuniita kaka. Akaanza kuniita Mwalimu, na mimi nikazoea haraka mno.

Kwenye hatua ya nne kompyuta aliyopewa ilimjibu kwa maandishi mekundu.

"Mwalimu, inasema hailioni."

"Hailioni nini?"

"Hili furushi la hesabu. Inasema halipo. Labda kweli halipo?"

"Lipo. Njoo uone kwangu."

Nikaandika maagizo yaleyale kwenye kompyuta yangu. Ziwa la majaribio likajichora, rangi ya samawati juu na nyeusi chini. Akasogeza kiti karibu na kioo.

"Linapendeza," alisema. "Sasa kwangu..."

"Kwako umekosea kuandika. Rudia."

Alirudia siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Aliazima rula, akaiweka chini ya kila mstari wa mwongozo na kulinganisha herufi kwa herufi na kioo cha kompyuta. Watafiti wakipita walimtania. "Dada, ziwa limekukataa?" Naye akajibu, "Linalipiza. Nililivuka nikikimbia, bila kuliomba ruhusa." Wakacheka, naye akacheka, lakini rula haikutoka mkononi.

Siku ya nne aliniuliza tena, kwa upole, kama inawezekana kitu hicho hakimo ndani ya mashine yake.  Kuna ukweli ambao sikumwambia mtu. Nilijua kwangu inafanya kazi. Kwa nini inafanya kazi, sikujua. Angeuliza swali moja zaidi angeona nilipoishia.

"Tatizo si kompyuta, dada," nikamwambia mbele ya watu. "Tatizo huna msingi."

Akaiweka rula mezani. "Sawa, Mwalimu."

Maneno hayo sikuyatunga. Niliambiwa vilevile kidato cha pili, nimesimama ubaoni na chaki mkononi, na mwalimu aliyeniambia alirudi kukaa kwenye kiti chake kwa utulivu uleule niliokuwa nao mimi. Nililitambua hilo wakati sentensi bado haijaisha kinywani. Nikaimalizia.

Jioni Daktari aliniuliza. "Vipi dada yetu?"

"Ana bidii. Ila hana msingi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kibali chake kilikuwa bado na siku sita. Asubuhi yake aliondoka na gari la mradi, akatuaga kila mmoja kwa mkono, pamoja na mimi. Kompyuta ikapewa jamaa mwingine wa kambini ambaye alikuwa fundi wa kompyuta tangu kwao. Yeye na vijana wachache wa mjini waliufuata mpaka mwisho, Daktari akaridhika, mwongozo ukachapwa.

Miezi ikapita. Siku moja nikatoka kijiji cha Kalya kwa boti, ziwa likachafuka, maji yakaingia kwenye begi langu na kompyuta yangu ikafa humo. Mradi ukanipa nyingine, mpya. Nikakaa nayo mchana kweupe ofisini, nikafungua mwongozo wangu mwenyewe na kuanza hatua ya kwanza, niirudishe kazi yangu mahali pake.

Hatua ya nne, maandishi mekundu. Yaleyale.

Nikarudia. Nikalinganisha herufi kwa herufi. Nilijikuta naangaza meza za watu natafuta rula.

Ndipo nilipokumbuka flashi. Pale duka la intaneti Ujiji hakuna aliyekuwa anapakua kitu kikubwa. Bando lingekwisha katikati na kitu kikakatika. Aliyekuja na treni kutoka Dar alikuja na flashi, na flashi hiyo ikazunguka mkono kwa mkono, kila mtu anakopi kila kilichomo bila kuuliza ni nini. Furushi la hesabu liliingia kwenye kompyuta yangu siku hizo. Kwangu lilikuwa kama kibodi, kitu ambacho mashine inazaliwa nacho. Kwa hiyo mwongozo mzima, pamoja na maneno yake yote mazito, haukusema popote: kwanza weka furushi la hesabu. Wale wengine walioufuata bila shida walikuwa watu wa flashi ileile, au mafundi kama yule wa kambini, aliyejiwekea mwenyewe bila kuuliza.

Halikuwepo. Dada alisema halipo, siku ya kwanza, kwa maneno mepesi kuliko yote niliyoyaandika mimi.

Mstari niliuandika kwa dakika moja. Ningependa kusema nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari. Sikwenda. Niliuchomeka, nikabadilisha nakala zote, nikanyamaza wiki tatu. Nilivunja ukimya siku Daktari aliponisifu mbele ya wageni kwamba mwongozo sasa unaeleweka hata na mtu aliyetoka shamba. Wageni walipoondoka nikamweleza.

"Uliniambia hana msingi," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakuuliza una uhakika."

"Ndiyo, Daktari."

Alikusanya karatasi zake taratibu. "Ijumaa gari linakwenda kambini. Utapanda."

Darasa lilikuwa chini ya turubai, mabenchi matano, kompyuta moja mbele kwa yule fundi. Dada alikuwa benchi la nyuma, mwanafunzi miongoni mwa wanafunzi. Nilisimama mbele nikasema yote: flashi, mstari, rula, na neno nililomwambia. Nilisema vibaya, nikichanganya Kiha na Kiswahili. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe asiye na msingi ni wewe, Mwalimu!" Turubai zima likacheka. Dada hakucheka.

Alikuja mbele na daftari lake. Akalifungua pale alipoandika siku zile. Siku ya kwanza: furushi halipo. Sentensi hiyo ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula. Chini yake, siku ya nne: sina msingi.

"Watu wa hapa kambini waliniuliza kwa nini nilirudishwa," alisema. "Nikawajibu hivyo. Nililiamini. Likate wewe."

Akanipa kalamu. Nikakata. Sikutumia rula, na mstari ukapinda. Aliuangalia, akapuliza wino ukauke, akachukua kalamu yake, akafunua ukurasa mweupe.

"Hatua ya tano inasemaje?"

Nikamwambia inahusu kutuma kazi kwenye kompyuta kubwa. Nikamwambia pia kwamba hiyo nayo sijawahi kuijaribu kwenye mashine isiyokuwa yangu, na huenda kuna kitu nimekisahau tena.

"Basi tuijaribu kwangu," alisema haraka, na kalamu akaishika tayari. Kisha akaitazama kompyuta iliyo mbele ya yule fundi, ile ambayo ingekuwa yake, akaifunga kalamu kifuniko, na wala hakunitazama mimi.