Mama Kiwiko na Chemchemi Iliyopotea Njia

Saa kumi na mbili asubuhi, huku juu ambako miti imekoma na upepo haubishi hodi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anapiga magoti kando ya bwawa la mawe. Anakunja mkono wa sweta na kuchovya kiwiko, kama mzazi anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Anatulia kidogo. Kisha anasogeza jiwe bapa kwenye mfereji wa maji baridi, upana wa vidole viwili tu.

"Sasa wanaweza kuingia," anasema.

Wanaosubiri ni watalii kumi na mmoja waliotembea kilomita tisa jana, kutoka pale barabara inapoishia. Miguu imevimba, mizaha imewaishia. Wanamwita Mama Kiwiko, na wengi wao hawajui kwamba mwaka jana mabwawa haya nusura yafungwe moja kwa moja.

Ofisi ya hifadhi ilimwajiri miaka kumi na tisa iliyopita, afagie njia na kutunza mabwawa matatu ya chemchemi ya maji moto. Kipimajoto alipewa. Kipo bado, kimetundikwa kibandani mwake, kizima kama siku kilipoletwa.

Mwaka jana mvua kubwa iliangusha ubavu wa mlima. Siku ya tatu mabwawa yote yalikuwa yamepoa. Mhandisi wa ofisi alipanda na vyombo vyake, akapima siku mbili, akaandika kwamba chemchemi imekufa. Ikaamuliwa njia ifungwe, kibanda kivunjwe, na mtunzaji arudi kwao baada ya siku kumi na nne.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Nimelea watoto wanne kwa maji haya. Ukiambiwa yamekufa, unataka walau kuiona maiti."

Mumewe, fundi viatu, alipanda kumsaidia kufunga mizigo. Hakukuta hata fundo moja. Kila kukicha mkewe alikuwa akizunguka mteremkoni, ameinamisha kichwa, akitazama nyasi.

Huku juu, baridi ya alfajiri hutandaza barafu nyembamba juu ya majani. Mama Kiwiko aliwaza kwamba maji ya moto hayafi, hupotea njia tu, na popote yanapopita chini ya ardhi barafu haitashika. Shida ni kwamba jua likichomoza barafu huyeyuka kote, kwa hiyo kila siku alikuwa na nusu saa tu ya kutafuta.

"Nilidhani akili zimemruka," anasema mumewe akicheka. "Nikanyamaza. Ukioa mbishi, jifunze kunyamaza."

Asubuhi nane aliona weupe mtupu. Ya tisa, nyuma ya kifusi, akaona kipande cha nyasi mbichi, kikubwa kama shuka. Alipoweka kiganja, ardhi ilikuwa na joto. Alimwita mumewe kwa sauti ambayo mzee yule anasema hajaisikia tangu kifungua mimba wao azaliwe.

Walichimba kwa jembe na sururu hadi kina cha kiuno, mvuke ukawapiga usoni. Siku nne wakabeba mawe na kujenga mfereji wa hatua sitini. Siku ya kumi na tatu maji yakaingia bwawani.

Kesho yake wavunjaji walifika na nyundo zao. Walimkuta mtunzaji amekaa ndani ya maji, yamemfika shingoni.

"Niliwaambia wavue viatu," anasema, na furaha ya siku ile bado imemjaa usoni.

Mhandisi naye alipanda tena. Alipima, akasema mbele ya wote kwamba alikosea. Ni yeye aliyeiomba ofisi impandishe cheo mama huyu, aliyeishia darasa la saba, na ni yeye anayemletea mwezi ujao wahandisi wanafunzi watano waje kufundishwa kazi.

Mama Kiwiko ameshapanga somo la kwanza: kuamka.

"Cheti cha kuwapa sina," anasema. "Lakini wakishuka hapa, hakuna atakayeandika kwamba mlima umekufa kabla ya kuuamkia."