Ukuta Ulioachwa Nusu

Andika polepole, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Mimi sikusoma, lakini niliongoza kikundi cha akina mama walioanza kujenga bwawa chini ya vilima vya Mbooni, miaka ya sabini, na najua kwa nini leo mahali pale hapana bwawa.

Tulikuwa mwethya tu, majirani wanaolimiana kwa zamu huku wakiimba. Kiangazi kimoja tulianza kuziba korongo kwa ukuta wa udongo, ili tusiende tena mbali na punda kutafuta maji. Ukuta ulipofika kifuani, afisa wa maendeleo ya jamii alikuja kutoka wilayani. Alikuwa mtu mpole. Aliketi juu ya karai lililopinduliwa, akatueleza kwamba serikali ilikuwa na msaada wa saruji, mabomba na fundi, ila ni kwa kikundi kilichojiandaa. Tujisajili, tuchague kamati, tufungue akaunti benki, tuwe na katiba. Tulitimiza yote. Katiba tulisomewa kanisani, nasi tukaitia vidole gumba.

Alipokuwa akiondoka alisema, "Na kazi isimame kwanza, mama mwenyekiti. Wakaguzi wakikuta mmemaliza, wataandika kwamba hamna shida."

Tukaweka majembe chini.

Chini ya ukuta huo, korongo linapopanuka, aliishi mjane mzee tuliyemwita Susu, yaani nyanya. Siku moja alipanda hadi tulipokaa.

"Mmechoka, au mmeolewa na serikali?"

Wanawake wakacheka. Nikamjibu kwamba tunangoja wakaguzi.

"Na mvua nayo mmeiambia ingoje?"



Wakaguzi hawakuja. Migunga ikachanua ingali mikavu. Siafu wakahama kutoka sakafu ya korongo, wamebeba mayai yao, wakapanda ukuta wetu kwa mstari mweusi usiokatika. Upande wa Kasikeu mbingu ikawa na rangi ya ini. Nilikwenda kuutazama ukuta, nikakuta jua limeupasua; niliingiza mkono katika ufa hadi kiwiko, na ndani mlikuwa na baridi. Nikaelewa. Ukuta ule ungeyakusanya maji, uyashike kitambo, kisha uyaachilie yote kwa pamoja juu ya paa la Susu.

Niliwaita wanawake mchana ule ule, nikawaambia tuubomoe.

Mweka hazina wetu, mke kijana aliyesoma kidogo, alisimama mbele yangu. "Tukiubomoa, mama, tutawaonyesha nini? Shimo?"

"Tuumalizie basi," mwingine akasema.

"Kwa wingu lile? Udongo utakanyagwa ushikamane saa ngapi?" nikauliza.

"Susu ahamie kwa mwanawe, mvua ipite," wa tatu akasema.

Susu alikuwa amekwisha kufika, amejitegemeza kwa fimbo. "Mume wangu nimemzika pale. Hameni nyinyi."

Walinitazama mimi. Nilichukua jembe, nikapiga katikati, palipokuwa na ufa. Kwa kitambo nilipiga peke yangu. Kisha mweka hazina akasema, "Umetuua, mama," akashika jembe lake, akaanza kupiga kando yangu. Wengine wakafuata. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mwethya ukichimba bila wimbo. Siku ile zilisikika pumzi tu, na ngurumo zilizokuwa zikitusogelea.

Maji yalifika jioni, mekundu, yamebeba visiki. Yalipita katika pengo tulilokata, yakang'oa pembe ya zizi la mbuzi wa Susu, yakaiacha nyumba.

Wakaguzi walikuja barabara ilipokauka. Walisimama ukingoni, wakatazama chini. Mmoja akasema kwamba kikundi kisicho na kazi ya kuonyesha hakiwezi kusaidiwa. Yule afisa mpole alikuwa pamoja nao, naye aliangalia viatu vyake. Ningesema nini, na pengo tulilikata wenyewe?

Kiangazi kilichofuata nilikwenda korongoni alfajiri na jembe langu, nikapuliza filimbi ya kuwaita, kama desturi. Niliisikia ikirudi kutoka vilimani. Niliona moshi ukipanda katika kila boma, nikajua wameamka, wananisikia. Nilipuliza tena. Jua likapanda, likawa kali, wala hakuna aliyekuja.

Susu peke yake alitoka nyumbani kwake. Alisimama kule chini, akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akageuka kwenda kuwafungulia mbuzi.